Ni Tetekuwanga Tu

Katika lugha yetu kuna neno dogo la herufi mbili linalotuliza moyo kuliko dawa nyingi. Neno hilo ni "tu". Mtoto akianguka, twasema ni mchubuko tu. Akikohoa, ni mafua tu. Na mtoto wa jirani akitokwa na vipele vya maji, ilhali jana ameshinda na wanetu mkekani wakicheza, wazee hutuambia: ni tetekuwanga tu, kila mtoto hupitia. Mara nyingi husema kweli. Lakini hiyo "tu" ina historia yake, na historia hiyo imewagharimu watu. Nataka kuifuata hapa, maana naamini mzazi anayeijua atajua pia la kufanya siku ugonjwa huu utakapobisha hodi kwa jirani kabla haujafika kwake.

Tetekuwanga iliitwa ndogo kwa sababu iliishi karibu na kubwa. Kubwa hiyo ilikuwa ndui. Ndui ya aina kali iliua watu kama watatu katika kila kumi walioipata, na waliopona waliachiwa makovu usoni, wengine wakiwa vipofu. Katika nchi zetu ilifuata njia za misafara na ilipenda kuandamana na njaa. Watu wa Kenya ya kati waliiona katika miaka ya 1898 hadi 1900, pale ukame, njaa na ndui vilipowajia kwa pamoja na kufuta vijiji. Mbele ya adui wa namna hiyo, ugonjwa wa vipele unaompa mtoto homa ya siku chache na kumwachia mikwaruzo usingeweza kuitwa jina zito. Kwa karne nyingi hata waganga waliosoma walidhani tetekuwanga ni ndui iliyokuja kwa upole.

Aliyeyatenga maradhi haya mawili kwa maelezo ya wazi ni daktari Mwingereza, William Heberden, aliyesoma habari zake mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 1767. Haikuwa mabishano ya wasomi wasio na kazi. Wakati ule Edward Jenner alikuwa hajaleta chanjo yake. Hiyo ilikuja mwaka 1796. Watu walichanjwa kwa usaha wa ndui yenyewe, wapate ugonjwa mwepesi na kusalimika baadaye. Fikiri basi mtoto aliyeugua tetekuwanga, na wazazi wake wakaamini amekwisha kupata ndui yake. Walimwacha bila kinga, wakamruhusu hata kuingia nyumba ya mgonjwa. Ndui ya kweli ilipofika haikuuliza wazazi waliamini nini. Kosa la jina liligeuka kuwa kaburi.

Tofauti alizozishika Heberden na waliomfuata ni rahisi kueleza. Ndui ilitanguliwa na homa kali ya siku mbili hadi nne, ndipo vipele vikatoka, vikajaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na kwenye nyayo. Vipele vya sehemu moja vilikuwa na umri mmoja. Tetekuwanga huanzia aghalabu kifuani, mgongoni na kichwani, nayo huja kwa mafungu. Ukitazama mgongo wa mtoto siku ya tatu utaona doa jekundu, lengelenge lenye maji na gaga kavu, vyote mahali pamoja, kama shamba lililopandwa siku mbalimbali.

Juu ya hayo, zaidi ya miaka 200 baada ya Heberden kosa lilelile lilirudi, safari hii katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilifika katika mji wa Merca nchini Somalia likiwa na watoto wawili wenye ndui. Dereva hakuijua njia. Kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji huo, alipanda garini kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki. Siku kumi baada ya safari ile, tarehe 22, Maalin alishikwa na homa, na kwanza ikadhaniwa ni malaria. Tarehe 26 vipele vilitokea, na uamuzi ukawa kwamba ni tetekuwanga. Akaruhusiwa kwenda nyumbani, ambako marafiki walimiminika kumjulia hali kama ilivyo desturi yetu.

Ukweli ulijulikana siku chache baadaye, mwenzake wa kazini alipotoa taarifa. Ndipo kila aliyemkaribia akatafutwa, na watu zaidi ya 50,000 wa eneo lile wakachanjwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Hakuna aliyeambukizwa naye. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui iliyosambaa kwa njia yake ya asili. Waliofuata, mwaka 1978, walitokana na ajali ya maabara huko Uingereza. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin mwenyewe alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi ya kampeni ya chanjo ya polio, kazi ambayo aliifanya akiwasimulia wazazi yaliyomkuta yeye.

Kisa cha Merca kina mafunzo mawili. La kwanza, dakika chache za kukaa karibu na mgonjwa zaweza kutosha. La pili, jina linalotolewa upesi hufunga macho ya wote waliosikia. Kama mwenzake yule angeridhika na neno "tetekuwanga", hakuna ajuaye orodha ya wagonjwa ingeishia wapi.

Ndui imeondoka, na tetekuwanga imebaki peke yake bila jirani wa kuifanya ionekane ndogo. Basi tuitazame yenyewe. Kwamba inaambukiza lilithibitishwa mwaka 1875, daktari Steiner alipochukua maji ya malengelenge ya mgonjwa na kuwapa ugonjwa watu waliokuwa salama. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa watoto wa Budapest, János Bókay, aliona jambo la kushangaza: katika baadhi ya nyumba, watoto walipata tetekuwanga baada ya mtu mzima kuugua mkanda wa jeshi, yaani yale malengelenge yenye maumivu makali yanayozunguka ubavu mmoja wa mwili. Mwaka 1925 Kundratitz wa Vienna aliwachanja watoto kwa maji ya mkanda wa jeshi, nao wakapata tetekuwanga. Majaribio kama hayo juu ya watoto hayakubaliki leo, lakini jibu lake lilibaki. Katika miaka ya 1950 Thomas Weller, mtaalamu wa Boston, aliotesha virusi vya magonjwa yote mawili katika maabara akaonyesha kwamba ni kirusi kimoja.

Aliyeyaunganisha haya kuwa kisa kinachoeleweka hakuwa profesa wa mji mkuu. Alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson. Yeye alihesabu. Aliwafuata wagonjwa wake nyumba kwa nyumba, akaandika nani aliugua lini na nani alilala chumba gani. Mwaka 1952 alitoa hesabu yake: katika kila watoto 100 ambao hawajawahi kuugua na wakaishi nyumba moja na mgonjwa, surua iliwapata 76, tetekuwanga 61, na matubwitubwi 31. Uchunguzi wa baadaye katika nchi nyingine umeiweka tetekuwanga juu zaidi, karibu na watoto tisa katika kila kumi. Hope-Simpson alikwenda hata kisiwa cha Yell, kaskazini kabisa ya Scotland, ambako watu ni wachache na ugonjwa ulipaswa kwisha kwa kukosa wa kumwingia. Mwaka 1965 alieleza kwa nini hauishi: kirusi cha tetekuwanga hakiondoki mwilini mtoto anapopona. Hujificha katika mizizi ya neva kwa miaka, na siku nguvu za mwili zinapopungua kwa uzee au maradhi huamka kwa sura ya mkanda wa jeshi. Babu humpa mjukuu ugonjwa ambao yeye aliupata akiwa na umri wa mjukuu huyo.

Sisi wa nchi hizi tunakumbuka kwa uchungu jinsi mkanda wa jeshi ulivyopata maana nyingine. Katika miaka ya 1980 na ya 1990, UKIMWI ulipoenea, waganga waliona vijana wenye nguvu zao wakipata ugonjwa ambao zamani ulikuwa wa wazee. Haukupita muda mtaa nao ukajifunza kusoma alama hiyo, tena ukaisoma kupita kiasi, maana uzee, uchovu na maradhi mengine pia huuamsha mkanda kwa mtu asiye na virusi vya UKIMWI. Matokeo yakawa kujificha. Mtu alivaa shati la mikono mirefu katika joto, akasema ameungua maji ya moto, kisha akapakata watoto wachanga wa nduguze kwa sababu kukataa kungezusha maswali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni haki kuongeza kwamba watu hawafichi maradhi bure; wanaficha kwa sababu sisi wengine tunahukumu. Mtaa unaomcheka mgonjwa hujinyima habari unazozihitaji kwa watoto wake.

Habari hizo ni zipi? Kubwa kuliko zote ni tarehe. Tetekuwanga huambukiza siku moja hadi mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, na huendelea mpaka vyote viwe vimekauka na kuweka magaga. Kwa hiyo mzazi anapoona kipele, ndugu zake mtoto yule tayari wamekwisha kuvuta hewa hiyo, na kuwatimua chumbani kwa kishindo hakuwasaidii sana. Kinachosaidia ni kuchukua kalenda ya ukutani na kalamu. Ugonjwa hujitokeza kati ya siku ya 10 na ya 21 baada ya kukutana na mgonjwa, aghalabu karibu na wiki mbili. Weka alama siku mtoto wako alipokaa na mgonjwa. Kuanzia siku ya nane hadi ya 21 mhesabu kuwa huenda anaambukiza, hata akiwa anarukaruka kama mbuzi. Katika siku hizo asipelekwe kumwona mzazi aliyejifungua jana, wala kumsalimu shangazi mwenye mimba, wala mjomba anayetibiwa saratani. Nyumba yenye watoto watatu ijiandae kwa safari ndefu, maana wa pili huanza wa kwanza anapopona, na mara nyingi hutokwa na vipele vingi kuliko yeye kwa kuwa aliishi naye usiku na mchana.

Hao niliowataja ndio wanaoifanya "tu" kuwa neno la hatari. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua anaweza kupata kichomi kikali, na mara chache mtoto tumboni hudhurika. Mama akitokwa na vipele katika siku tano kabla ya kujifungua au siku mbili baada yake, mtoto mchanga hupokea kirusi bila kupokea kinga. Mtu mzima pia huumia kuliko mtoto. Hapa nchi za joto zina jambo lake: kwetu watu wengi hukua bila kuupata ugonjwa huu utotoni kuliko watu wa nchi za baridi. Usidhani, basi, kwamba kila mtu mzima nyumbani amekwisha kuupata. Muulize mkeo, mumeo, mamako na binti anayewasaidia kazi. Mama mjamzito aliyekutana na mgonjwa, na asiyekumbuka kuugua, aende kituo cha afya siku ileile wala asingoje vipele, kwa sababu msaada unaoweza kutolewa hutegemea siku zilizopita.

Suala hilo la siku ndilo lililoleta chanjo. Mwaka 1964 daktari Mjapani, Michiaki Takahashi, alikuwa Houston nchini Marekani kwa masomo. Mwanawe wa miaka mitatu alicheza na msichana mwenye tetekuwanga, kisha akaugua vibaya, homa ikapanda na pumzi ikawa ya shida. Mtoto alipona, lakini baba aliyekesha kando yake hakusahau. Alirudi Japani, na mwaka 1974 yeye na wenzake walieleza chanjo waliyoitengeneza kwa kirusi kilichodhoofishwa. Jaribio lao lilikuwa katika wodi ya watoto, mgonjwa mmoja wa tetekuwanga alipoonekana kati ya wenzake. Walichanja upesi watoto 23 waliokuwa hawajawahi kuugua, na ugonjwa ukakomea pale. Japani iliipa chanjo hiyo kibali mwaka 1986 na Marekani mwaka 1995. Hata leo ikitolewa ndani ya siku tatu hadi tano baada ya kukutana na mgonjwa yaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto katika nchi nyingi za Afrika, lakini yafaa kuulizia, hasa penye mtu dhaifu nyumbani.

Wako wazazi, huku na ng'ambo, waliochukua njia ya kinyume: wakawapeleka watoto makusudi kwa mgonjwa ili "wamalize" mapema. Nawaelewa. Walijua kwamba ukubwani ni vibaya zaidi, na hawakuwa na chanjo. Hata hivyo hakuna mzazi anayeweza kuchagua mtoto wake ataugua kwa kiasi gani, na pamoja na ugonjwa wa leo anampa pia mkanda wa jeshi wa kesho, uliojificha katika neva. Isitoshe, mtoto anayepelekwa hupita njiani, hupanda daladala au matatu, hukaa karibu na mtu asiyemjua.

Ama kuhusu matunzo ya mtoto aliyekwisha kuugua, bibi zetu hawakukosea walipomwogesha kwa upole, wakamkata kucha na kumvika nguo nyepesi. Kukuna ndiko kunakoingiza vijidudu vya usaha na kuacha makovu. Losheni ya kalamini hupunguza mwasho na parasetamoli hushusha homa. Jambo moja tu la desturi ya zamani lazima liachwe, nalo ni aspirini. Mwaka 1963 daktari wa Australia, Douglas Reye, alieleza ugonjwa unaovamia ubongo na ini la watoto wanaoonekana kama wanapona. Baadaye ilionekana kwamba wengi walikuwa na mafua makali au tetekuwanga na walikuwa wamepewa aspirini. Mwaka 1986 Uingereza iliwakataza watoto wa chini ya miaka 12 kupewa dawa hiyo, na tangu onyo lilipoenea ugonjwa wa Reye umekuwa adimu. Ibuprofeni nayo yafaa kuepukwa katika tetekuwanga. Mtoto akipumua kwa shida, akisinzia kupita kawaida, akiyumba, akitapika mfululizo, ngozi yake ikiwaka nyekundu na kuvimba, au homa ikipita siku nne, hapo "tu" imekwisha, na apelekwe hospitali.

Nilidhani zamani kwamba swali la Heberden limezikwa pamoja na ndui. Sivyo. Mwaka 1970, katika Zaire ya wakati ule, mtoto wa miezi tisa aligunduliwa kuwa na ugonjwa unaofanana na ndui, ambao sasa unaitwa mpox. Kwa miaka mingi huko Kongo mpox imedhaniwa tetekuwanga na tetekuwanga ikadhaniwa mpox. Mwaka 2024 mpox ilivuka mipaka ikafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mwezi Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura, iliyodumu hadi Septemba 2025. Machi 2025 Tanzania nayo ilithibitisha wagonjwa. Kwa hiyo vipele vinavyojaa viganjani na kwenye nyayo, vyenye umri mmoja, pamoja na kuvimba tezi za shingoni, kwapani au kinenani, vinahitaji jicho la mganga. Hata mganga huhitaji kipimo.

Katika mitaa tuliyokulia, mama mwenye mtoto wa tetekuwanga alikuwa akisimama kwenye kizingiti cha jirani bila kuingia ndani, akaita: "Mama fulani, wangu ametokwa na vipele tangu juzi, walicheza na wako Ijumaa." Kisha akarudi zake. Hakuomba radhi wala hakuona haya, na aliyeambiwa alijibu kwa "pole" na kwa sahani ya uji. Katika sentensi ile moja mlikuwa na jina la ugonjwa, siku ulipoanza na siku ya kukutana, yaani yote ambayo Hope-Simpson aliyatafuta kwa daftari huko Cirencester. Nyumba za siku hizi zina kuta ndefu na mageti, nasi twaona aibu kutangaza ugonjwa wa watoto wetu. Lakini geti halizuii kirusi. Linazuia habari tu. Na hiyo ndiyo "tu" ninayoiogopa mimi.